Kwa mwanangu, kuhusu deni la mdogo wako

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, mvua zimekatika na mahindi yamekauka vizuri.

Nimekuwa nikiwaza ulichoniambia kwenye simu: kwamba ile pesa uliyomkopesha mdogo wako anunue pikipiki umeshamsamehe, ila nyumbani kwako asikanyage. Siku ile nilikosa jibu. Nimelipata mahali ambapo wengi tunaruka tukisoma Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 15.

Kila mwaka wa saba, Mwisraeli alipaswa kuacha alichokuwa akimdai ndugu yake. Hilo unalijua. Lakini shuka chini kidogo. Mwebrania aliyeuzwa kwa nduguye alitumika miaka sita, na wa saba akaachiwa huru. Bwana wake alikatazwa kumtoa mikono mitupu. Alitakiwa kumpa kutoka kundi lake la kondoo, nafaka yake na divai yake. Nilirudia hapo mara tatu. Mtu ametoka utumwani, na anaondoka amebeba! Sababu imeandikwa papo hapo: kumbuka kwamba nawe ulikuwa mtumwa Misri, na Bwana akakukomboa.

Walawi 25 inakwenda mbali zaidi. Mwaka wa 50, ulioitwa yubile, baragumu lilipigwa nchi nzima, na kila mtu akarudi kwenye shamba la baba zake na kwa jamaa yake. Tena angalia lilipigwa lini: Siku ya Upatanisho. Siku ileile dhambi za watu zinapofanyiwa upatanisho, ndiyo siku aliyepoteza shamba anaambiwa arudi kwao. Mungu hakutaka mambo hayo mawili yaachane. Shamba lenyewe halikuuzwa milele. Bei ilihesabiwa kwa mavuno yaliyobaki hadi yubile, kwa kuwa nchi ni ya Mungu.

Kisha Yesu anasimama katika sinagogi la Nazareti, anasoma maneno ya Isaya juu ya waliosetwa, yaani walioonewa, kuachwa huru na mwaka wa Bwana uliokubaliwa, anasema maandiko hayo yametimia leo. Kwa hiyo mimi siamini kwamba msalabani tulifutiwa deni halafu tukaachwa mlangoni. Tuliingizwa ndani, tukaitwa wana.

Najua ulijinyima ili kuipata pesa ile. Najua pia alikaa miezi hapokei simu zako, na hilo lilikuuma kuliko pesa. Sikwambii umkopeshe tena. Lakini katika mfano wa mwana mpotevu, aliyebaki nje mwishoni ni kaka mkubwa, na baba yake akatoka kumsihi. Nami nimetoka kukusihi, mzaliwa wangu wa kwanza.

Jumamosi mdogo wako anakuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Gunia lako nimelitenga. Njoo ulichukue mwenyewe, usitume mtu.

Mama yako