Kwa Nini Maabara Yetu Haiuzi Kipimo cha "Asidi ya Mwili"

Haipiti wiki bila mteja kufika kwenye dirisha letu la mapokezi na kusema, "Dada, naomba unipimie asidi ya mwili." Baadhi yao wameambiwa na wauza maji yanayoitwa ya alkali (kinyume cha asidi) kwamba uchovu, maumivu ya viungo na hata kukosa usingizi vinatokana na asidi iliyojaa mwilini, wengine wameyasoma hayo katika ujumbe uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka haijulikani tena ulianzia wapi. Maabara yetu ndogo hapa Tanga inaishi kwa kuuza vipimo, hivyo ingekuwa rahisi kuchovya stripu, yaani kijikaratasi kinachobadilika rangi, kwenye mkojo wa mteja, kumwonyesha rangi na kupokea fedha yake. Hatufanyi hivyo, kwa sababu rangi ile haijibu swali aliloliuliza. Mteja anayetoa fedha yake anastahili kuelezwa kwa nini, na pia kuelezwa ni vipimo gani vinavyoweza kumpa jibu la maana.

Tuanze na kipimio chenyewe. Mizani ya pH ilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Kwa kawaida huhesabiwa kutoka 0 hadi 14: namba zilizo chini ya 7 ni za asidi, zilizo juu yake ni za alkali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kitu chenye pH 5 kina nguvu ya asidi mara mia moja zaidi ya maji yenye pH 7. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba mwili hauna pH moja. Maji ya tumboni yana pH ya kati ya 1.5 na 3.5, ukali unaohitajika ili kuvunja nyama na kuua vijidudu vinavyoingia na chakula. Chakula kikishuka kwenye utumbo mdogo, kongosho hukimwagia majimaji yenye alkali ili kuizima asidi hiyo. Mkojo wa mtu mzima mwenye afya unaweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, kutegemea alichokula na saa aliyokwenda haja. Damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, peke yake ndiyo inayobanwa katika nafasi finyu sana, kati ya 7.35 na 7.45. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mwili wako una asidi, muulize kwanza anazungumzia sehemu gani.

Nafasi hiyo finyu inalindwa na walinzi watatu wanaofanya kazi kwa kasi tofauti. Wa kwanza wamo ndani ya damu yenyewe: bikaboneti (chumvi yenye alkali), himoglobini na protini nyingine hukamata asidi papo hapo inapotokea. Wa pili ni mapafu. Seli zinapochoma chakula hutoa kabonidayoksaidi, ambayo ikiyeyuka kwenye damu huifanya iwe na asidi zaidi. Ubongo huyahisi mabadiliko hayo na kuamuru pumzi iende kasi mpaka gesi ya ziada itoke. Anayepanda ngazi za ghorofa nne akifika juu anahema anaishuhudia kazi hiyo, na hakuna maji wala unga uliomsaidia.

Mlinzi wa tatu ni figo, nazo hufanya kazi kwa saa na siku badala ya sekunde. Protini za nyama, mayai na nafaka zikishavunjwa huacha asidi ambazo haziwezi kutoka kwa pumzi, kiasi cha takriban milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) moja kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Figo huzitoa asidi hizo zikiwa zimefungamana na amonia na fosfeti, na wakati huohuo hutengeneza bikaboneti mpya na kuirudisha kwenye damu. Hapa ndipo stripu ya mkojo inapopotosha watu wengi. Mkojo wenye pH 5 asubuhi, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, ni ushahidi kwamba figo zimeitoa asidi nje kama inavyotakiwa. Kuogopa rangi hiyo ni sawa na kuliona jalala limejaa taka ukahukumu kwamba nyumba haijafagiwa.

Pamoja na stripu, wauza maji hubeba kichupa cha dawa ya matone. Watu wengi wa mjini wameshayaona maonyesho hayo: glasi tatu huwekwa mezani, ya kwanza ina soda, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji yanayouzwa, kisha matone machache hudondoshwa katika kila moja. Soda inakuwa ya manjano, maji ya bomba yanakuwa ya kijani na yale ya tatu yanakuwa ya buluu au zambarau. Dawa hiyo haidanganyi hata kidogo, kwani imeonyesha pH ya vitu vitatu vilivyomo kwenye glasi. Udanganyifu unaanzia pale muuzaji anapokuambia kwamba na wewe ukinywa utabadilika kama glasi ilivyobadilika. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa maji yana pH 9 na ualkali wake unatokana na hidroksidi peke yake, basi mililita moja tu ya asidi ya tumboni yenye pH 2 inatosha kuuzima ualkali wa lita nzima. Maji yaliyotiwa bikaboneti hustahimili zaidi, lakini nayo yakishafyonzwa, ziada yake hutolewa na figo kwenye mkojo, ambao kwa muda utaonyesha rangi nzuri ya buluu kwenye stripu. Muuzaji atakuambia umepona. Ukweli ni kwamba umekojoa bikaboneti uliyoinunua.

Swali linalofuata huwa ni la limau, na kwa mkoa unaokula machungwa ya Muheza ni swali la haki kabisa: inakuwaje tunda kali namna hiyo liitwe la alkali? Jina hilo limetokana na mbinu ya zamani ya kuchoma chakula mpaka kiwe majivu na kuyapima majivu hayo. Mwilini pia, asidi ya sitriki iliyomo kwenye limau huchomwa ikaisha, na sitreti (chumvi ya asidi hiyo) iliyoambatana na potasiamu huishia kuwa bikaboneti, hivyo mkojo hupungua ukali. Damu inabaki palepale, ila kwa mkojo faida ipo na ina matumizi: mawe ya figo yanayotokana na asidi ya yuriki huundika kwa urahisi pale mkojo unapokaa chini ya pH 5.5, na madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa hao dawa ya potasiamu sitreti kwa lengo hilohilo. Tungependa tu wanaokunywa maji ya limau kila alfajiri wakumbuke kwamba gamba la jino nalo huanza kulainika likikaa kwenye majimaji yenye pH iliyo chini ya takriban 5.5. Anayekunywa limau anywe mara moja amalize, asukutue kwa maji ya kawaida, na asipige mswaki papo hapo.

Je, mchicha, matembele, maharage na matunda vinafaa? Vinafaa sana, kwa nyuzinyuzi, potasiamu na vitamini zake, na pia kwa sababu mwenye kushiba mboga hupunguza chumvi na vyakula vya kukaanga. Mteja aliyeacha soda na chipsi kwa kufuata "mlo wa alkali" akajisikia vizuri hakosei kuhusu anavyojisikia; sababu aliyopewa ndiyo yenye kasoro.

Yapo mambo mawili ambayo hatuwezi kuyachukulia kwa upole. La kwanza ni dai kwamba saratani haiishi kwenye mwili wenye alkali, ambalo husambazwa likiwa na jina la Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Tuzo hiyo alipewa kwa ugunduzi wa kimeng'enya cha upumuaji wa seli, na hakuna mahali ilipothibitisha kwamba chakula cha alkali kinaponya saratani. Ni kweli kwamba mazingira yanayouzunguka uvimbe wa saratani huwa na asidi, lakini asidi hiyo hutengenezwa na uvimbe wenyewe kwa jinsi unavyochoma sukari. Huko Marekani, Robert O. Young, aliyeeneza imani hii na kuwatundikia wagonjwa dripu za bikaboneti, alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa kutibu bila leseni, na mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la California lilimwamuru alipe dola milioni 105 kwa mwanamke mwenye saratani ya titi aliyeacha tiba ya hospitali kwa kumfuata yeye. Mgonjwa wa saratani anayecheleweshwa kwa miezi michache huweza kupoteza nafasi ambayo haitarudi.

La pili ni kunywa magadi au soda ya kuokea kila siku "ili kusafisha asidi". Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kina zaidi ya gramu 1.2 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku nzima kutoka kwenye vyakula vyote. Kwa mwenye presha, moyo dhaifu au figo zilizochoka, hilo ni jambo la hatari. Magadi ya kulainishia maharage yana pia kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na hayana kiwango kinachojulikana kutoka fungu moja la sokoni hadi jingine. Anayezidisha anaweza kuivusha damu upande wa pili, ikawa na alkali kupita kiasi, potasiamu ikashuka, misuli ikakakamaa na mapigo ya moyo yakavurugika.

Mizani ya asidi na alkali katika damu huharibika kweli, ila hutokea kwa ugonjwa. Mwenye kisukari aliyekosa insulini hujaza damu yake ketoni, asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, na dalili zake ni kiu, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito ya haraka na harufu ya matunda yaliyoiva mdomoni. Figo zilizoshindwa huacha asidi irundikane polepole. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuhema kwa nguvu huku mapafu yake yakiwa mazima, kwa sababu damu imejaa asidi ya laktiki. Methanoli iliyochanganywa kwenye pombe ya kienyeji, ambayo mwaka 2014 iliua makumi ya watu huko Embu na kaunti nyingine za Kenya, hugeuzwa na ini kuwa asidi ya fomiki inayopofusha na kuua. Kuhara sana, hasa kwa kipindupindu, humwaga bikaboneti pamoja na maji, na kwa ajili hiyo paketi ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) ya lita moja imetiwa gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Ukitaka kununua alkali ambayo kazi yake imethibitishwa, iko duka la dawa, kwa bei ndogo, nayo ni ya mtu anayehara.

Dalili hizo ni za kwenda hospitali usiku huohuo, wala si za kuja kwetu asubuhi. Kipimo halisi cha mizani ya damu huitwa kipimo cha gesi za damu: damu huchotwa kwenye ateri, mara nyingi ya kifundo cha mkono, na kuingizwa kwenye mashine ndani ya dakika chache. Mashine hiyo sisi hatuna, na mtu anayetembea na kula vizuri haihitaji.

Tunachoweza kukufanyia, ikiwa unajisikia mchovu bila sababu, ni kupima wingi wa damu, sukari, kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, na mkojo kwa stripu kamili, ambayo pamoja na pH huonyesha protini, sukari, ketoni na damu. Katika hizo, protini na sukari ndizo tunazozitazama kwanza, kwani hufichua magonjwa ambayo mtu huishi nayo miaka bila kujua. Ikiwa unaposema "asidi" unamaanisha kiungulia au tumbo linalochoma, huenda shida ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye kazi ya wanasayansi wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, juu yake ilipewa Nobel mwaka 2005; tunampima kwenye kinyesi, mradi uwe umeacha omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumboni) kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne, baada ya kushauriana na daktari aliyekuandikia.

Kwa kipimo cha mkojo, chukua kikopo chetu badala ya chupa ya soda au ya dawa. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kinga wa katikati, ikiwezekana ule wa asubuhi, na utufikishie ndani ya saa mbili. Mkojo uliokaa kwenye joto la Tanga mpaka mchana huota bakteria wanaoivunja urea kuwa amonia, pH yake hupanda yenyewe, na majibu tutakayokupa yatakuwa ya kikopo. Ikiwa unatumia vidonge vya vitamini C tujulishe mapema, kwa sababu vinaweza kuficha sukari na damu kwenye stripu.