Barua ya wazi kwa Waziri: kiti cha simu si mahali pa adhabu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya zimamoto na uokozi,

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia mimi, zimamoto mstaafu, Mpemba wa kuzaliwa na kukulia. Sitaomba gari mpya. Najua barua za namna hii huanza na gari na kumalizia na gari, na pengine umeshazizowea. Nataka nikueleze kiti kimoja, meza moja na simu moja, kwa sababu hapo nimeona watu wakiokolewa kabla gari haijatoka, na hapo hapo ndipo nilipokosea mimi.

Kiti hicho nilikipata kwa goti. Nilianguka na paa, daktari akasema nisipande tena ngazi wala nisiburure mpira wa maji, na mkubwa wangu akanambia, "Basi kakae kwenye simu upumzike." Upumzike! Katika kituo nilichokuwa, na sitakitaja, simu ilikuwa ya waliobaki: mwenye goti, mwenye sukari, dada mwenye mimba, kijana aliyejibizana na bwana zamu. Ukichelewa paredi mara tatu, adhabu yako simu. Hodari wote wako kwenye gari. Na sisi wa kwenye gari tukiwaita wale makarani, tukiwacheka. Nami nilicheka sana tu.

Usiku mtu wa simu alikuwa mmoja. Huyo huyo anaandika kitabu cha matukio, anafungua geti gari ikitoka, anawajibu jamaa za wenzake wanaouliza fulani yuko wapi, na anapokea watoto wanaopiga 114, namba yetu ya dharura, kwa mchezo. Siku za sikukuu watoto hao hawana idadi. Ukiwafokea wanacheka, ukikata wanapiga tena. Halafu katikati ya "haloo, nataka chipsi" inaingia simu ya mtu anayelia, na sauti yako bado ina ukali wa ile iliyopita.

Usiku ninaotaka kukuhadithia ulikuwa wa msimu wa karafuu, saa nane na kitu. Simu inalia, mwanamke anapiga kelele: "Nyumba inaungua, Mtemani, njooni!" Ikakatika. Nikapiga kengele, wenzangu wakatoka mbio, wengine viatu mkononi, na nikajiona nimefanya kazi ya maana. Sasa, Mheshimiwa, Mtemani iko Wete. Na iko Mtemani ya Wingwi, Wilaya ya Micheweni. Kwenye karatasi za serikali hii ya pili inaandikwa Wingwi Mtemani, lakini mtu wa Wingwi akiunguliwa na nyumba hasemi kwa lugha ya karatasi. Anasema Mtemani, kwa kuwa kwake yeye hakuna nyengine.

Gari ikaenda Wete. Baadaye kidogo bwana zamu akanipigia: huku watu wamelala, moshi hakuna, wapo paka tu barabarani. Nikataka kumpigia yule mama, namba yake sina. Simu yetu ya mezani ilikuwa haioneshi namba ya anayepiga, nami sikumuuliza. Akapiga mwenyewe.

"Mumefika wapi?"

"Wameshafika Mtemani, mama. Wewe uko upande gani?"

"Mie nipo hapa Mtemani, mbona sioni gari?"

"Karibu na msikiti upi?"

Akanyamaza. Simu ikachukuliwa na mwanamme. "Mtemani hii ya Wingwi, bwana! Munatufanyia nini?"

Gari iliyojaa maji haiendi kama gari ndogo. Lita 5,000 ni tani 5 mgongoni, na kwenye vilima na kona zetu maji yale yanaivuta gari yanakotaka yenyewe. Mpaka wanafika, zaidi ya nusu saa ilikuwa imekwisha, na paa la makuti halingoji nusu saa. Watu walitoka wote, alhamdulillahi. Kilichobaki ndani ni karafuu, magunia yaliyokwisha kukauka yanangoja kupelekwa kuuzwa.

Asubuhi nilipotoka zamu nilikwenda mwenyewe kwa gari ya abiria, hakuna aliyenituma. Harufu niliipata kabla sijaiona nyumba. Karafuu ikiungua hainuki vibaya, na hilo ndilo linaloumiza. Inanukia kama dawa ya jino, tamu na kali kwa pamoja. Mama amekaa juu ya jamvi la kuanikia, pembe moja imeungua, anachambua kwa vidole rundo jeusi akitafuta zilizopona. Zilizopona haziuziki tena, na yeye alijua kuliko mimi. Anachambua tu. Nilimpa pole kama mpita njia. Sikumwambia mimi ni nani.

Wenzangu waliambiwa pale maneno tunayoambiwa siku zote: kwamba zimamoto huja kuzima majivu, na kwamba wamekuja bila ya maji. Hilo la pili limetuuma roho miaka mingi, acha nilijibu hapa hapa. Gari haitoki bila ya maji. Ila tangi la lita 5,000, ukifungua mipira miwili na kila mmoja ukatoa lita 400 kwa dakika, linakauka kwa dakika sita na robo. Aliyekuja kutazama dakika ya saba anakuta gari kavu, anasema imekuja kavu. Ukifika moto uko chumba kimoja, dakika sita zinatosha na maji yanabaki. Ukifika umeshashika paa zima, ni kama kuutemea mate. Kwa hivyo nyumba ile haikupotea barabarani wala kwenye tangi. Ilipotea mezani kwangu, katika sekunde ambazo ningeuliza neno moja: Mtemani ipi?

Hakuna aliyeniadhibu. Wangeniadhibu kwa kunipeleka wapi, na kwenye simu nipo tayari? Kitabuni tuliandika "eneo halikufahamika." Eneo linafahamika tangu mababu zao. Asiyefahamu ni mimi, na kalamu iliyoandika vile ilikuwa yangu.

Tokea siku ile nikawa nauliza mahali kabla ya jambo lolote. Wapi, na wapi ya wapi. Sheha wenu nani? Msikiti gani, skuli gani? Nikipata jina la sheha, mkuu wa serikali wa eneo lao, nimeshapata kila kitu, maana vijiji vinagongana majina lakini sheha wa Wingwi Mtemani si yule wa Mtemani ya Wete. Namba ya simu naichukua mwanzo, mtandao haujatufanyia vituko. Na mtu mmoja atoke asimame barabarani na tochi, asiende kuchota maji na wenziwe, kazi yake iwe tochi tu.

Nikanunua daftari la skuli nikaanza kuandika majina pacha. Sikujua kama ni mengi hivyo. Ukisema Michenzani, mtu wa Unguja anaona yale majumba ya ghorofa. Sisi tunayo Michenzani ya Mkoani. Ukisema Kendwa anaona ufukwe na mahoteli; iko Kendwa Mkoani pia, haina hoteli hizo. Mizingani kuwili, Kinyasini kuwili, Kizimbani kuwili. Mbuyuni iko Mkoani, na Kiuyu Mbuyuni iko Micheweni, huku na kule ya kisiwa chenye urefu wa kilomita kama 67. Nikaandika na Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, ambako gari haifiki hata ukiijaza mafuta mpaka juu; huko jibu la simu ni kumjua mwenye boti upande huu wa maji, na kujua analala wapi.

Utanambia sasa kuna anwani za makazi. Ni kweli, mwaka 2022 mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba, kazi nzuri, siibezi. Lakini hebu sema, Mheshimiwa, nyumba yako ni namba ngapi? Bila ya kutoka nje kutazama kibao. Basi na huyo mwenye moto chumbani ndivyo hivyo. Atasema nyuma ya skuli, penye mwembe uliokatwa, na anayepokea simu lazima awe anaujua mwembe huo au awe na wa kumuuliza. Siku likija wazo la kuzikusanya simu za visiwa vyote katika chumba kimoja Unguja, chenye vioo vikubwa na kiyoyozi, mimi sitalipinga. Nitauliza tu kama zamu ya usiku chumbani humo Mpemba yupo.

Nisikudhanishe kwamba simu ni mahali pa makosa tu. Yule dada mwenye mimba, mchana mmoja, alipokea simu ya kisima. Watu walishusha mashine ya petroli ndani ya kisima wavute maji ili wachimbe zaidi, moshi wa mashine ukajaa chini, aliyeshuka akaanguka. Ndugu yake alikuwa anajifunga kamba kiunoni amfuate. Mara nyingi kisimani hafi mmoja, Mheshimiwa. Wa kwanza hufuatwa na nduguye, nduguye hufuatwa na jirani, kwa kuwa hewa ile haionekani na mwenye uchungu hangoji kuelezwa. Dada aliuliza maneno mawili, mashine bado inawaka, nani anataka kushuka, halafu akapiga ukelele kituo kizima kikageuka: "Asishuke mtu! Mkamateni! Mkalieni ikibidi!" Tukasikia kwenye simu purukushani, mwanamme analia anaomba wamwachie. Hakuikata simu mpaka aliposikia king'ora cha gari yetu upande ule. Wenzetu walishuka na mitungi ya hewa mgongoni wakamtoa yule wa chini, ameshafariki. Siku ile alizikwa mmoja. Waliokwenda na gari walisifiwa mbele ya paredi. Dada aliambiwa ajaze kitabu.

Sitaeleza sana maisha ya kazini, wenzangu walio kazini wanayajua na wasio kazini hawayaamini. Futari inaachwa mezani na kijiko ndani ya uji. Mke anazowea kulala na nusu ya kitanda. Hayo tuliyakubali siku tuliyovaa sare. Na sisi Wapemba hatuhitaji kufundishwa simu ya usiku ni nini: tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huku, ni nyumba chache hapa ambazo simu ikilia saa nane watu hawaruki kitandani.

Ninaloomba ni kwamba kukaa kwenye simu kuwe ni kazi, na anayeifanya achaguliwe kwa kuiweza. Wawe wawili kila zamu, mmoja asizungumze na mwenye msiba huku anafungua geti. Wafanyiwe mtihani wa vijiji, sio wa mbio. Posho yao isiwe chini ya ya mwenye mpira. Simu iwe inaonesha namba na kuhifadhi sauti, na namba za masheha wote wa eneo zibandikwe ukutani mahali ambapo hata mgeni ataziona. Na kijana mpya, kabla hajapanda gari, akae hapo miezi kadhaa. Nasema kabla hajapanda, asingoje kupelekwa siku atakapokosa.

Utanambia watu hawatoshi. Sikubishii, hawatoshi, nimetoka na gari tukiwa watatu ambapo pangetakiwa sita. Hata hivyo nasema mtoe mmoja kwenye gari umlete mezani. Wenzangu watanichukia kwa maneno haya, na mimi kijana nisingeyakubali. Lakini watu watano waliopelekwa Mtemani isiyo yake hawamfai mama yule hata mmoja wao, na wanne waliopelekwa Mtemani yake wangekuta bado kuna gunia la kutoa nje.

Lile daftari langu niliacha mezani siku niliyostaafu, na majina yote, na mwembe uliokatwa, na namba ya mwenye boti ya Kojani. Baada ya wiki mbili nilipita kuwasalimu wenzangu, nikakaribishwa vitumbua vimefungwa kwenye karatasi yenye mwandiko wangu. Nilikula, vilikuwa vizuri. Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni.

Nimeshaanza kuliandika upya, safari hii nakala mbili, moja yako ukiitaka. Nimefika herufi ya M, na Mtemani nimeziandika zote mbili.

Wako mtiifu,
Zimamoto mstaafu,
Pemba