Mfanyakazi anatumia simu yake kazini: weka mpaka kabla hajaondoka

Biashara nyingi ndogo hazijawahi kukaa kikao na kuamua kwamba wafanyakazi watumie simu na laptopu zao kazini. Imetokea tu. Mtu wa mauzo alikuwa na simu nzuri kuliko ile ambayo ofisi ingeweza kumnunulia, mhasibu akaona heri amalizie hesabu kwenye kompyuta yake nyumbani, na taratibu orodha ya wateja, picha za risiti na mazungumzo ya bei yakatawanyika kwenye vifaa vya watu. Sisi kazi yetu ni kupanga akaunti na simu za kazi za biashara, na wanaotupigia hawaulizi kama mtindo huu ni mzuri au mbaya. Wanatupigia siku ambayo mtu ameacha kazi, au simu imeibwa.

Sisi hatuanzi kwa kuuliza ni simu gani. Tunauliza akaunti na laini ni za nani. Kama wateja wote wanampata mfanyakazi wako kwa namba yake binafsi ya WhatsApp, akiondoka ameondoka nao, na wala hajaiba kitu: namba ni yake, mazungumzo yamo kwenye simu yake, na nakala rudufu inahifadhiwa kwenye akaunti yake mwenyewe ya Google au iCloud. Hapo hata fundi hodari hana la kukufanyia.

Kwa hiyo kabla hujanunua programu yoyote ya ulinzi, sajili laini kwa jina la biashara, wape watu barua pepe yenye anwani ya biashara, na mafaili yakae kwenye akaunti ya biashara huku kila mmoja akipewa ruhusa ya kuyafikia. WhatsApp Business inakubali simu moja kuu na hadi vifaa vinne vilivyounganishwa nayo. Simu yenye laini ibaki ofisini, mfanyakazi ajibu wateja kwa simu yake, na siku akiacha kazi unakitenganisha kifaa chake tu. Angalizo: simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, vifaa vingine vyote vinatolewa. Usiifungie kabatini ukaisahau.

Laini na akaunti zikishakaa sawa, kinachofuata ni kutenganisha mambo ya kazi na ya binafsi ndani ya simu moja. Uwezo huu upo siku nyingi. Android inao tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014: programu za kazi zinakaa upande wake, zikiwa na alama ya mkoba, na biashara inaweza kuzuia maandishi kunakiliwa kutoka upande wa kazi kwenda upande wa binafsi. Kwa iPhone, Apple ilileta mpangilio wake wa vifaa vya wafanyakazi pamoja na iOS 13, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2019. Katika mipangilio yote miwili biashara inafuta kilicho chake, na picha za harusi ya mtu zinabaki zilivyo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu hofu ya wafanyakazi ina msingi. Ipo njia nyingine ya kusimamia simu inayomwezesha mwajiri kuifuta yote kwa mbali, na mtu anayeambiwa "weka programu hii ya ofisi" hana namna ya kujua amewekewa ipi. Mweleze kwa maandishi: tutaona kama simu yako ina nywila na imesasishwa, hatutaona picha zako, ujumbe wako wala tovuti unazotembelea ukiwa upande wako. Akikataa baada ya maelezo hayo, mtafutie simu ya ofisi. Kumlazimisha hakukufikishi popote, maana atapokea programu yako kisha aendelee kutuma mafaili kwa njia yake ya zamani.

Laptopu za nyumbani zinatutia wasiwasi kuliko simu. Kompyuta ya nyumbani hutumiwa na watoto, ina michezo, ina programu zilizowekwa zamani na kusahaulika. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, ambayo kazi yake hasa ni kutunza nywila za watu, ilivamiwa kupitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja. Wavamizi walipitia programu ya kuchezea video na muziki iliyokuwa na tundu la usalama, wakaweka kinasa kinachorekodi kila herufi inayoandikwa, wakaipata nywila yake kuu. Kama kampuni ya aina hiyo iliponzwa na kompyuta ya nyumbani, sisi hatuoni sababu ya kuruhusu mishahara au malipo ya benki yafanyiwe kwenye laptopu ya familia. Kwa kazi hizo mbili nunua kompyuta ya biashara, hata iwe ya bei ya chini.

Angalia umri wa vifaa pia. Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, kwa mfano, ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, yaani masasisho ya kawaida ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Simu isiyopata tena masasisho ya usalama isifungue barua pepe za kazi, hata kama kioo chake bado kinang'aa. Nywila ya skrini na uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili kama msimbo wa kwenye simu) kwenye kila akaunti ya kazi ni lazima. Hayo hatuyajadili na mtu.

Halafu bando. Ukitumia simu ya mtu, unatumia na fedha yake. Huko California, Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2014 kwamba mwajiri anayemtaka mfanyakazi apige simu za kazi kwa simu yake lazima amrudishie sehemu inayostahili ya gharama, hata kama mfanyakazi analipia kifurushi kisicho na kikomo. Sheria za kwenu huenda ni tofauti, ila kiwango kinachojulikana kila mwezi kinapunguza manung'uniko na kinakupa nguvu ya kudai masharti yafuatwe.

Kazi yetu ni kuzipanga akaunti, kuweka upande wa kazi kwenye kila simu mbele ya mwenye simu, na kuandika ukurasa mmoja wa makubaliano. Hatugusi simu ya mtu ambaye hajausoma na kuusaini. Ukitupigia, uwe na orodha ya akaunti zote ambazo biashara inazitumia, na mbele ya kila moja andika namba au barua pepe iliyoifungulia.