Konstantino tumshukuru, utakatifu ni habari nyingine

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii wiki iliyopita kwamba Kanisa Katoliki limemdhulumu Kaisari Konstantino, mtawala wa dola ya Roma katika karne ya nne. Hoja yake ni kwamba mama mtu, Helena, ana sikukuu tarehe 18 Agosti, ilhali mwana aliyelitoa Kanisa mafichoni hana hata siku moja katika kalenda ya Roma. Akamalizia kwa kuwataka maaskofu wetu walipeleke jina lake Vatikani. Naomba nafasi nimjibu, kwani naona amechanganya shukrani na utakatifu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Miaka 10 baadaye Konstantino na mtawala mwenzake Licinius wakakubaliana kule Milano kwamba kila mtu aabudu apendavyo, na Wakristo warudishiwe nyumba zao za ibada bila kudaiwa chochote. Kisha ukaja Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325. Eusebius, askofu wa Kaisaria, ametuachia picha ya karamu waliyoandaliwa maaskofu mwaka ule: wanaingia jumba la kifalme, wanapita katikati ya walinzi wenye panga zilizochomolewa, na hakuna anayewagusa. Baadhi yao walikuwa bado na makovu ya mateso. Masimulizi ya kale yanasema Paphnutius kutoka Misri alikuwa ameng'olewa jicho, na kaisari alikuwa akimbusu pale pale jicho lilipokuwa. Sijui Mkristo gani angesoma hayo asiguswe.

Kwa hiyo ndugu zetu Waorthodoksi wanaomkumbuka kila tarehe 21 Mei pamoja na mama yake, wakimwita Sawa na Mitume, siwacheki. Hapa Kagera tunaishi nao, ni waamini wa Patriaki wa Alexandria, na ibada zao nazijua. Tena msomaji wetu hakusema yote. Wakatoliki wa Mashariki wanaofuata liturujia ya Kibizanti, walio chini ya Papa kama sisi, wanaiadhimisha siku hiyo hiyo. Na kisiwani Sardinia, katika mji mdogo wa Sedilo, kila tarehe 6 Julai watu hupanda farasi na kukimbia mbio za hatari kuzunguka kanisa la San Costantino, wakikumbuka ushindi wake wa mwaka 312 katika daraja la Milvio, karibu na Roma.

Wala Roma haijawahi kukaa kikao ikamkataa. Zamani zile mtakatifu alianzia kaburini pake: watu walikwenda kusali hapo, jina likaingia katika ibada, basi. Papa kutangaza mtakatifu rasmi ni utaratibu wa baadaye sana, na mara ya kwanza inayojulikana ni ya Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Kaburi la Konstantino lilikuwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji wake mwenyewe, katika kanisa la Mitume alilolijenga. Humo aliagiza jeneza lake liwekwe katikati, na kumbukumbu za mitume 12 zilizunguke. Mtu aliyekwisha kujipangia nafasi hiyo hakuwa na haja ya kusubiri maoni ya waamini.

Sasa tuje kwenye damu. Licinius aliposhindwa vitani na Konstantino na kujisalimisha mwaka 324, mke wake Konstantia, dada wa Konstantino kwa baba, alimwombea mumewe, na Konstantino akaapa kumwachia uhai. Mwaka uliofuata Licinius akauawa Thesalonike. Mtoto wake mdogo, mpwa wa kaisari, akafuata mwaka 326. Mtu anaweza kusema hiyo ni siasa ya wafalme, na wafalme wote walikuwa hivyo.

Lakini Crispus? Huyu alikuwa mwanawe wa kwanza. Alifundishwa na Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeheshimika. Mwaka 324 aliongoza merikebu za baba yake kule Hellespont, mlangobahari ulioko Uturuki ya leo, akazishinda za Licinius. Miaka miwili baadaye baba yake akaamuru auawe huko Pola, ambako leo ni Kroatia. Muda mfupi baadaye mke wa kaisari, Fausta, naye akafa, na wapo waandishi wa kale waliosema alifungiwa katika bafu lililopashwa moto hadi akakata roho. Umbea wa sababu ni mwingi na siuingilii. Linalonikaa moyoni ni lililofuata: jina la Crispus lilifutwa kwenye mawe yaliyokuwa yameandikwa kwa heshima yake. Eusebius, ambaye katika Historia ya Kanisa alimsifu kijana huyu kuwa amefanana na baba yake, alipokuja kuandika maisha ya Konstantino hakumtaja hata mara moja. Ukisoma kitabu kile peke yake, hutajua kwamba mtu huyo aliwahi kuzaliwa.

Najua jibu litakuwa mfalme Daudi. Naye alimwua Uria, na bado tunaimba zaburi zake. Ni kweli, ila Daudi aliendewa na nabii Nathani, akaambiwa usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo," akalia na kukiri. Konstantino hakuwa na Nathani. Alikuwa na Eusebius. Hakuna neno lake la toba kuhusu Crispus lililotufikia, na jina la kijana halikurudishwa siku zote alizobaki hai. (Mpagani Zosimus aliandika kwamba Konstantino alikimbilia Ukristo ili aoshwe damu hiyo. Hilo ni uzushi, maana alianza kuwapendelea Wakristo zaidi ya miaka 10 kabla.)

Sheria zake nazo zilikuwa na sura mbili. Mwaka 321 aliwapumzisha Jumapili mahakimu, mafundi na watu wa mijini, wakulima wakaachwa walime. Kaisari huyo huyo aliamuru kwamba yaya aliyemshawishi binti akubali kutoroshwa amiminiwe kinywani madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Hoja nzito zaidi ya watetezi wake ni ubatizo. Aliuchelewesha hadi alipoumwa mwaka 337, jambo lililokuwa la kawaida enzi hizo na simlaumu kwalo. Akabatizwa karibu na Nikomedia, akakataa kuvaa tena joho la zambarau la kifalme, akafa amevaa mavazi meupe siku ya Pentekoste, 22 Mei. Sisi kila Dominika tunaungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi, basi siwezi kugeuka nikasema kwake haukufanya kazi. Natumaini yuko mbinguni. Lakini bibi zetu wengi wako mbinguni vilevile na sikukuu yao ni moja tu, ya tarehe 1 Novemba. Anayewekwa altareni kwa jina anawekwa ili tuwaonyeshe watoto maisha yake. Mimi nimefundisha katekisimu, na sioni ningewaambia nini watoto juu ya maisha haya zaidi ya siku zake za mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa Konstantino hawapendi kulitaja. Alipokufa, Seneti ya Roma, yenye wapagani wengi, ilimhesabu miongoni mwa miungu kama ilivyowafanyia makaisari waliotangulia. Sarafu zilizotolewa zinamwonyesha akipaa katika gari la farasi wanne, na mkono ukishuka kutoka mbinguni kumpokea. Seneti ilimpa cheo hicho kwa sababu alitawala muda mrefu, alishinda vita na aliacha dola imara. Nikisoma barua ya wiki iliyopita naziona sababu zile zile: alijenga makanisa, aliitisha mtaguso, alisimamisha mateso. Zote ni kazi za mtawala. Msomaji wetu hakuandika sentensi hata moja kuhusu sala zake, huruma yake au jinsi alivyoishi na watu wa nyumbani mwake.

Kwa hiyo pendekezo la kulipeleka jina lake Vatikani siliungi mkono. Kama tunamtafuta mtakatifu wa enzi ile, yupo Atanasi wa Alexandria, aliyeitetea imani ya Nisea na akafukuzwa na Konstantino huyo huyo mwaka 335 hadi Trier, katika Ujerumani ya leo, mbali sana na kwao. Sikukuu yake ni tarehe 2 Mei, na parokiani kwetu inapita kila mwaka bila hata kutajwa katika matangazo.

Msomaji wenu,
Bukoba