Kabla hujanunua gari la familia, hesabu kilomita zako

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Siku hizi mtu mwenye familia ya watu watano akiingia yadi ya magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, haichukui muda ataelekezwa kwenye gari la juu la dizeli: limetulia barabarani, lina nguvu, na eti linabana mafuta. Haupiti mwaka gari liko gereji, taa ya injini inawaka, nguvu hakuna, na fundi anashauri ekzosi ikatwe. Gari halina ubaya. Limepewa kazi isiyo yake, na aliyeliuza hakumuuliza mteja anaendesha wapi na umbali gani.

Tuanze na hiyo dizeli, maana ndiko watu wanakoumia zaidi. Dizeli za kisasa kutoka Japani, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2 iliyoingia sokoni mwaka 2012 au Demio ya lita 1.5, zina chujio la masizi kwenye ekzosi, linaloitwa DPF. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili joto la ekzosi lifike kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka injini iwe imeshapata moto na gari litembee bila kuzimwa kwa dakika 15 hadi 20. Sasa mtu wa Tabata anampeleka mtoto shule, anazima. Anapita sokoni, anazima. Anarudi nyumbani, anazima. Kila mara anaikatiza kazi ile katikati. Dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya kuunguza masizi inachuruzika kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili.

Hilo unaweza kulikagua mwenyewe. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, kisha chomoa dipstiki. Kwenye hizo Mazda, juu ya alama ya F, yaani oili imejaa, kuna alama ya X. Oili iliyopanda kuelekea X wakati hakuna aliyeongeza ni oili yenye dizeli ndani, inuse utajua. Imeshakuwa nyepesi, hailindi tena turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, wala beringi za krenki, na inatakiwa imwagwe hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Inayowekwa iwe inayoacha majivu machache, yenye maandishi DL-1 au ACEA C3 kwenye galoni. Ukiweka oili ya malori kwa kuwa ni ya bei nafuu, majivu yake yanabaki ndani ya chujio moja kwa moja, kwa sababu masizi huungua lakini majivu hayaungui.

Kutoa matumbo ya DPF, kama inavyofanyika kwenye vijiwe vingi, hakumalizi jambo. Programu ya kompyuta isipobadilishwa, gari linaweza kuendelea kumwaga dizeli ya kuunguza masizi ambayo hayana tena pa kukaa, na oili ikaendelea kupanda vilevile. Wapo wanaosingizia dizeli ya vituo vyetu, eti ina salfa nyingi. Lakini nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kwa maoni yetu, safari fupi ndizo zinazoua magari haya mjini.

Tupige hesabu. Anayeendesha kilomita 15 asubuhi na 15 jioni, siku 25 kwa mwezi, anatembea kilomita 9,000 kwa mwaka. Kwenye foleni, petroli ya lita 2.0 ikimpa kilomita 9 kwa lita, atanunua lita 1,000. Dizeli ikimpa 12, atanunua lita 750. Ameokoa lita 250. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zidisha mwenyewe, kisha ulinganishe na gharama ya oili maalumu, chujio la dizeli, kusafisha DPF na nozo nne za presha kubwa siku zikianza kuvuja. Tena hiyo 2.2 ina cc 2188, imevuka mstari wa cc 2000, hivyo ushuru wake wa bidhaa forodhani ni mkubwa kuliko wa mwenzake wa petroli wa 2.0. Gari likizidi miaka minane kuna nyongeza ya umri, likizidi kumi nyongeza inapanda tena.

Geuza upande wa pili. Mtu anayekwenda Mbeya na kurudi mara mbili kila mwezi anakaribia kilomita 40,000 kwa mwaka. Barabara kuu petroli ikimpa 12 kwa lita na dizeli 16, tofauti inazidi lita 800, na DPF inajisafisha yenyewe njiani bila yeye kujua. Huyo anunue dizeli bila wasiwasi.

Kwa familia ya mjini yenye watoto wawili au watatu, injini ya petroli ya kawaida ya 1.3 hadi 1.5 isiyo na turbo inatosha. Ile 1NZ-FE ya cc 1496 iliyomo kwenye IST na ndugu zake wengi wa Toyota haina miujiza: inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, nozo zake zinapuliza petroli kwenye njia ya hewa, nje ya silinda, vipuri viko kila mtaa na kila fundi anaijua. Sifa hiyo ya mwisho wanunuzi huidharau mpaka gari liwazimikie Chalinze usiku.

Wanaohitaji viti vinane wawe macho na mwaka wa Noah na Voxy. Za 2001 hadi 2007, modeli AZR60, zina injini ya D-4 inayopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, kwa hiyo kaboni inaganda juu yake. Injini inatetemeka gari likiwa limesimama, gari linamisi asubuhi, na mtu anabadilishiwa plagi na koili bure wakati dawa ni kufungua manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa, na kusafisha. Kizazi kilichoanza 2007, ZRR70, kilirudi kwenye upulizaji wa kawaida. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ukiilipa mwanzoni hutaijutia.

Cc ndogo nayo ina mahali pake. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Passo ya cc 996 ina farasi 71 ikiwa Dar. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, inabaki na 59 hivi. Wapakie watu wazima wanne na magunia, uipandishe Kitonga: utakanyaga pedeli mpaka chini, gia haitapanda, na mafuta yatakwenda kuliko ya gari la 1.5. Kwa mkazi wa Njombe au Mbeya mwenye familia, 1.5 ndiyo iwe mwanzo.

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, tunaipenda kwa foleni kuliko aina nyingine yoyote, maana injini huzimika gari likisimama na breki inarudisha umeme kwenye betri. Toyota Aqua mjini hufikia kilomita 18 hadi 20 kwa lita. Ila kagua mambo mawili. Betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Tundu lake liko pembeni ya siti, na watoto hulifunika kwa mabegi au linajaa vumbi na nywele. Feni ikiziba betri inachemka, na seli moja ikifa gari zima linagoma. Kabla ya kulipa, dai ipimwe kwa mashine na uoneshwe volti za kila bloku, yaani kila fungu la seli, gari likiwa linatembea. Bloku moja ikiwa inashuka kuliko wenzake, achana nalo au upunguziwe bei ya betri nzima. Pili, Aqua iko sentimita 14 tu kutoka ardhini. Barabara ya kwako ikiwa na makorongo, sampo haitapona.

Gesi asilia nayo inalipa kwa anayetembea sana ndani ya Dar: kilo moja inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Lakini mtungi unameza buti. Familia yenye kigari cha mtoto na mabegi ya Krismasi ilifikirie hilo kabla ya kufunga mfumo.

Neno kuhusu gia boksi, maana mtu hununua injini nzuri akasahau kilicho nyuma yake. CVT, yaani gia otomatiki isiyo na hatua, ina mkanda wa chuma unaoshikwa na puli mbili, na mshiko huo unategemea oili yake hasa: TC au FE kwa Toyota, NS-2 au NS-3 kwa Nissan, kufuatana na modeli. Haidroliki ya kawaida, ile oili ya gia otomatiki nyingine, ikiingia humo mkanda unateleza, unachubua puli, na hakuna ukarabati wa kijiweni. Badilisha kila kilomita 40,000, na mwambie fundi akuoneshe galoni kabla hajaifungua.

Kujua unanunua nini si vigumu. Kwenye kibati cha modeli cha magari ya Japani, kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, herufi za mwanzo zinasema: DBA au CBA ni petroli, DAA ni haibridi, LDA au 3DA ni dizeli. CX-5 yenye KE2FW au KE2AW ni dizeli. KEEFW ni petroli ya 2.0.

Nanyi magazeti mna sehemu yenu. Matangazo ya magari mnayochapisha yanasifu rimu, redio na siti za ngozi, injini haitajwi kabisa. Tunaomba mumtake kila anayetangaza aandike namba ya modeli, aina ya gia na kilomita zilizo kwenye karatasi ya mnada wa Japani. Mstari mmoja unatosha: LDA-KE2FW, dizeli, DPF ipo, otomatiki, km 98,000.

Mafundi wa injini,
Ilala, Dar es Salaam