Vibao vya bustani za mimea vituambie zaidi ya jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu bustani za mimea, kwa niaba yetu sisi tunaozitembelea kutafuta mawazo ya kupamba nyua zetu.

Wengi huenda baada ya mvua, maua yakiwa yamechanua. Mimi huenda kiangazi, jua likiwa kali. Mvua ikinyesha kila mmea unapendeza. Kiangazi ndicho humwonyesha mtu asiye na muda wa kumwagilia ni upi utakaomfaa.

Safari hii bogenvilia ndiyo iliyonishika. Iliyoota kwenye udongo mkavu ilijaa rangi tupu, na iliyo kando ya mfereji ilikuwa majani matupu, yamenawiri kwelikweli. Ukiisogelea utaona kwamba zile tunazozisifia kuwa petali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kitu chembamba cheupe katikati, wala halina makuu. Ukiinywesha kila siku, shukrani yake ni majani.

Chini ya vichaka walitandaza majani makavu na vipande vya magome. Nilichokonoa kwa kidole (hakuna aliyeniona, wote walikuwa wakijipiga picha): udongo ulikuwa mweusi na una unyevu, ilhali hatua moja tu pembeni ardhi imepasuka. Matandazo hayo hayakugusa shina, kwa kuwa shina likikaa majimaji huoza. Hilo mtu analifanya kwake jioni hiyohiyo bila kununua chochote.

Sasa nije kwenye vibao. Vimeandikwa jina la kisayansi, familia na mahali mmea ulikotoka. Kilatini sina ugomvi nacho. Majina mawili ya kila mmea, utaratibu aliouimarisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, ndiyo yanayonihakikishia kwamba nitakachopewa kitaluni ndicho nilichokiona. Lakini mti mchanga unaokufika kiunoni leo, baada ya miaka utakuwa na urefu gani? Kibao kimya. Mtu anaupanda chini ya dirisha, kisha anakuja kuhangaika na shoka.

Hata asili ya mmea inamsaidia anayeifahamu tu. Penye Saintpaulia, vile viua vya zambarau vya vyunguni, pameandikwa Milima ya Usambara, basi. Wangeongeza kwamba kule huota kwenye miamba yenye kivuli cha msitu, nani angeviweka kwenye jua la mchana?

Maarifa yapo. Mtunza bustani niliyemuuliza aliweka chini mkasi wake akanijibu yote: jua, maji, urefu, hata wakati wa kupogoa. Lakini hawezi kumjibu kila mgeni, naye ana kazi ya kumaliza. Wala siombi kitu kigeni. Bustani ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa tiba wajifunze kuitambua mimea ya dawa, kwa hiyo kufundisha ni kazi ya bustani hizi tangu zamani.

Alama ya jua au kivuli, tone moja hadi matatu ya maji, na urefu kwa mita vingetosha. Nafasi nayo ipo: nusu ya chini ya vibao nilivyovisoma haina kitu.

Msomaji wako,
Mpenda bustani