Barua ya wazi kwa wanafunzi wa habari: vyama vya tasnia na namba zao

Wanangu mnaosoma uanahabari, filamu, muziki na matangazo,

Kila msimu wa tasnifu nasikia kilio kilekile: takwimu hakuna. Zipo, tena nyingi hazilipiwi. Zimekaa kwenye vyama vya tasnia, vile ambavyo kampuni zinazogombania wateja huviunda ili zisemee maslahi yao kwa pamoja. Studio kubwa za Marekani zina chama tangu 1922, leo kinaitwa Motion Picture Association. Wenye redio wa hukohuko walianzisha National Association of Broadcasters mwaka 1923, na wa televisheni wakaingia baadaye. Kampuni za muziki duniani zina IFPI, iliyoanza 1933. Wenye magazeti wana WAN-IFRA. Tasnia gani utakayoitafiti isiyo na chama? Labda ile iliyozaliwa jana, na hiyo nayo ipeni muda.

Sasa, mwamba ngoma huvutia kwake. Utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa kwa ajili ya chama cha studio ulidai kwamba asilimia 44 ya hasara ambayo studio zilipata ndani ya Marekani kwa sababu ya uharamia, yaani filamu kunakiliwa bila idhini, ilitokana na wanafunzi wa vyuo. Namba hiyo ikapelekwa hadi kwa wabunge, ili vyuo vibanwe kisheria. Januari 2008 chama chenyewe kikakiri kwamba hesabu ilikosewa: ni kama asilimia 15. Fikirieni ni kazi ngapi za darasani zilikuwa zimeshainukuu ile 44 kama msahafu!

Sisemi mzikimbie namba zao. Nasema kabla ya kunakili, nendeni kwenye yale maandishi madogo ya mwisho wa ripoti, yanayoeleza kilichohesabiwa. Chukueni mapato ya muziki uliorekodiwa. RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, kwa miaka mingi kilitangaza makadirio kwa bei ya rejareja, yaani fedha anayotoa msikilizaji. IFPI huhesabu kinachoingia kwa kampuni za rekodi. Soko ni moja, mwaka ni mmoja, namba mbili, na hakuna aliyedanganya. Lakini mwanafunzi akichota Marekani kwa namba hizo za RIAA na nchi nyingine kwa IFPI, kisha akazipanga kwenye jedwali moja, Marekani itavimba bila sababu. Jedwali la namna hiyo nikiliona kwenye tasnifu, siendelei na ukurasa unaofuata mpaka mwenyewe aje anieleze.

Hata tuzo ya dhahabu ya RIAA ina mtego wake. Albamu inaipata ikifikisha nakala 500,000, ila tangu 2016 kusikilizwa kwa nyimbo zake mtandaoni mara 1,500 nako kunahesabiwa kuwa nakala moja. Anayelinganisha dhahabu ya miaka ya themanini na ya leo analinganisha vipimo viwili tofauti.

Ila kwa maoni yangu takwimu siyo hazina kubwa kuliko zote. Hazina ni yale wanayoyasema mbele ya kamati za bunge, mahakamani na kwa wadhibiti, maana hapo ndipo hofu yao inapojulikana. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkuu wa chama cha studio, aliifananisha mashine ya kurekodia video na yule muuaji wa Boston aliyekuwa akinyonga wanawake majumbani. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mashine hizo kwa kura 5 dhidi ya 4, na kanda za video zikaja kuziingizia studio fedha nyingi mno. Kama utabiri, maneno ya Valenti hayana thamani. Kama ushahidi wa jinsi tasnia inavyoipokea teknolojia mpya, mtafiti angetaka nini zaidi?

Orodha ya wanachama nayo msiipite. Netflix ilipoingia Motion Picture Association Januari 2019, swali la nani anahesabika kuwa studio lilipata jibu jipya. Tovuti za vyama hufuta mambo kimyakimya, kwa hiyo tafuteni kurasa zake za zamani kwenye hifadhi ya Internet Archive, na kila mnachokitumia mkihifadhi pamoja na tarehe.

Halafu msikilizeni na mpinzani. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani walipogoma Mei 2023, chama chao, Writers Guild of America, kilitoa jedwali la madai yake likiwa na majibu ya AMPTP, chama cha watayarishaji, kando yake. Kuhusu akili bandia, waandishi walitaka mipaka. Wakajibiwa kwamba kutakuwa na mikutano ya kila mwaka ya kujadili maendeleo ya teknolojia. Soma hilo sambamba na taarifa za AMPTP yenyewe, sura nzima ya tasnifu unayo mezani.

Mtakutana na ripoti zinazouzwa kwa bei ya kukatisha tamaa. Muhtasari wake mara nyingi hutolewa bure, na mkutubi wenu huenda ana njia ya kuipata ripoti yenyewe; muulizeni kabla hamjakata tamaa. Mkiandikia chama, msiombe "taarifa zote kuhusu tasnia", hakuna atakayejibu. Tajeni ripoti, ukurasa na namba, kisha ulizeni jambo moja: imepatikanaje? Wakijibu, jibu hilo liingie kwenye kiambatisho. Wakikaa kimya, andikeni kwenye sura ya mbinu kwamba mliuliza lini na hamkujibiwa.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu wa kusahihisha tasnifu